Uzi: Mkatoliki wa Unguja na Pemba anamwonaje Mwanglikana, Mlutheri, Mlokole, Msabato na Mkwekeri?

MtotoWaShangani (mtoa mada)

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo kwa mnaoitikia "Milele amina", Bwana Yesu asifiwe kwa mnaoitikia "Amina", na asalaam aleikum kwa wenyeji wetu humu.

Naleta uzi huu kwa sababu grupu letu la jumuiya limewaka moto. Binti wa nyumba moja anaolewa na kijana Mwanglikana, anayesali kanisa kuu lao la Mkunazini. Mmoja wetu akaandika "anaolewa na mpagani". Mwingine akamjibu kwamba siku hizi dini zote ni sawa, kanisa ni kanisa, mwacheni binti afuate moyo wake. Wote wawili ni Wakatoliki wa Minara Miwili, kanisa kuu letu hapa mjini, wala hawakosi misa, na wote wawili wamesema jambo ambalo Kanisa lao halisemi. Mimi ni katekista tu, si padre. Nitaandika ninavyofundisha. Mwenye swali aulize, mwenye matusi apitilize.

Tuanze na ubatizo, maana hapo ndipo kila kitu kinapofungwa. Mtu aliyemwagiwa maji au aliyezamishwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na aliyembatiza akikusudia kufanya lile linalofanywa na Kanisa, huyo kabatizwa. Awe kabatizwa na padre, na mchungaji, au na mkunga usiku wa manane kwa kichanga kinachokata roho. Katika dharura, hata asiyebatizwa anaweza kubatiza. Kwa hiyo Mwanglikana wa Mkunazini, Mlutheri wa Mwanakwerekwe, Mmoraviani, Msabato aliyezamishwa baharini, Mlokole wa TAG (Tanzania Assemblies of God), wote hao wakija kwetu hawabatizwi upya. Wanafundishwa, wanaungama, wanakiri imani, wanapewa kipaimara na komunyo. Basi.

Msidhani hili ni jambo la juzi au ni upole wa Papa Fransisko. Lilipiganiwa hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini, katika karne ya tatu. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, alitaka waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya. Papa Stefano akakataa, akasema wawekewe mikono tu. Walikwaruzana vibaya, na Sipriani akafa shahidi mwaka 258 suala halijaisha. Baadaye Mtakatifu Augustino wa Hippo, Algeria ya leo, akapambana na Wadonati, kundi lililojitenga likidai ubatizo unategemea usafi wa anayebatiza, akaeleza kwamba abatize Petro, abatize Yuda, anayebatiza hasa ni Kristo. Hata Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ule ule uliokaa kumjibu Luther, mwaka 1547 ulisema wazi kwamba ubatizo wa mzushi, kwa jina la Utatu na kwa nia ya Kanisa, ni ubatizo wa kweli. Sasa wewe unayemwita Mwanglikana mpagani, umemzidi Trento ukali.

La pili tunapaswa kulielewa sisi wa visiwani kuliko mtu wa Ulaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya uekumene, yaani umoja wa Wakristo, ya tarehe 21 Novemba 1964, ulisema kwamba wanaozaliwa leo katika jumuiya zilizotengana, wakalelewa humo katika imani ya Kristo, hawawezi kushtakiwa kwa dhambi ya utengano. Ulisema pia kwamba utengano wenyewe mara nyingine ulikuwa na lawama pande zote mbili.

Sasa jiulize Ukristo wa hapa ulianzaje. Mwaka 1860 walifika mapadre wa Kifaransa kutoka Réunion, na miaka michache baadaye kazi ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1864 akafika askofu Tozer na misheni ya Waanglikana, UMCA, na Sultani Majid akamkabidhi watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baada ya hapo manowari za Waingereza zikikamata majahazi, watu walioshushwa waligawiwa misheni. Huyu kapelekwa kwa Wafaransa, huyu kapelekwa kwa Waanglikana, Kiungani au Mbweni. Dada na kaka waliotekwa kijiji kimoja huko Nyasa wangeweza kabisa kuishia mmoja Mroma, mmoja Mwanglikana. Hakuna aliyewauliza habari za Henry VIII, mfalme aliyelitenga Kanisa la Uingereza na Roma. Mtu wa namna hiyo, na vitukuu vyake wanaosali Mkunazini leo, amefanya uasi gani dhidi ya Papa? Ndiyo maana tunasema ndugu waliotengana nasi. Neno "mzushi" ni la mtu aliyeijua imani akaikana kwa ukaidi. Mtoto aliyeikuta dini nyumbani kwao halimhusu.

Sasa yule wa "zote ni sawa" naye asishangilie. Kanisa Katoliki linaamini kwamba Kanisa moja alilolianzisha Kristo limo ndani ya Kanisa Katoliki, na huko nje kuna mema mengi ya kweli: Maandiko, sala, upendo, hata mashahidi. Waorthodoksi tunawaita Makanisa bila kigugumizi, kwa sababu wana maaskofu wa kweli na Ekaristi ya kweli. Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, hati zetu zinawaita jumuiya za kikanisa. Hati ya Dominus Iesus ya mwaka 2000 ilisema hivyo waziwazi, ikaudhi wengi, na mwaka 2007 Roma ikarudia. Unaweza kuchukia, lakini ndiyo imani yetu. Mkatoliki anayekwambia haipo anakudanganya kwa adabu.

MzeeWaMbweni

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni Mwanglikana, nimebatizwa Mbweni, mke wangu kazikwa na Kanisa letu. Naomba unijibu kwa heshima kama ulivyoanza. Sisi tuna misa. Tuna uvumba, kitubio, maaskofu, altare, Salamu Maria. Watalii wanaingia Mkunazini wakiuliza kama ni kanisa la Katoliki. Halafu kitabu chenu kinasema sisi ni "jumuiya". Kwa lipi?

MtotoWaShangani

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo gumu kuliko yote, na nitalijibu bila kulipaka asali.

Kinachogomba hapa ni daraja, yaani kuwekwa wakfu kwa mapadre na maaskofu. Tarehe 13 Septemba 1896 Papa Leo XIII alitoa hati akatamka kwamba daraja za Kianglikana ni batili. Hoja yake ilikuwa kwamba karne ya 16, chini ya mfalme Edward VI, ibada ya kuweka mapadre na maaskofu ilibadilishwa makusudi ikaondolewa maana ya padre anayetoa sadaka, na mnyororo ukakatikia hapo. Bila daraja hakuna Ekaristi kwa maana yetu, na bila Ekaristi hatusemi Kanisa kwa maana kamili. Uvumba hausaidii. Ndiyo maana padre wa Kianglikana akija kwetu leo akataka kuendelea na upadre, anapewa daraja upya, wakati ubatizo wake haukuguswa. Hati hiyo haijafutwa.

Lakini mzee, wewe wa Mbweni unajua kwamba Waanglikana wa Zanzibar hawakuwa Waanglikana wa kawaida. Frank Weston, askofu wenu tangu 1908 hadi alipofariki 1924, mwaka 1913 aliposikia kwamba maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda wamekaa kule Kikuyu na Wapresbiteri na Wamethodisti, wakamaliza kwa kushiriki komunyo pamoja, aliwashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa uzushi! Ugomvi ule ulitikisa Uingereza nzima. Ajabu yake ni kwamba mtu aliyekataa kula meza moja na Wapresbiteri, Roma ilikuwa imeshasema miaka 17 kabla kwamba meza yake yeye mwenyewe si meza. Na wala hakununa. Mwaka 1923, akiwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waanglikana wenye mwelekeo wa Kikatoliki huko London, alimpelekea Papa telegramu ya salamu za heshima, na baadhi ya Waanglikana wenziwe wakamjia juu.

Kwa hiyo mzee, mimi nikiingia Mkunazini nikasimama karibu na altare iliyojengwa pale penye soko la watumwa, sisemi niko kwa wapagani. Nasema niko kwa ndugu zangu, na nasali. Ila komunyo sipokei, na hilo nisingependa ulione kuwa ni dharau. Ningepokea ningekuwa nakudanganya wewe na padre wako kwamba tumeshaungana.

MzeeWaMbweni

Marahaba. Sikubaliani na Leo wako, lakini nimekuelewa. Weston tulikuwa tukisimuliwa na wazee kwamba akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji na kulala chini. Endelea.

Fundi_Kikwajuni

Kumbe Waroma wanasoma pia. Nakazia.

JembeLaTrento

Mtoa mada unalainisha mno. "Nje ya Kanisa hakuna wokovu" iko wapi kwenye maandishi yako? Papa Bonifasi VIII, 1302. Mtaguso wa Firenze, 1442, ukataja wapagani, Wayahudi, wazushi na waasi, wote motoni. Papa Pio XI mwaka 1928 akakataza Wakatoliki hata kuhudhuria mikutano ya hao unaowaita ndugu. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndiyo mkaanza kukumbatiana. Ama wale Mapapa walikosea, ama nyinyi mmepotea.

MtotoWaShangani

Kaka Jembe, umetaja hati za kweli na tarehe za kweli, nakupa heshima yako. Tatizo ni kwamba umesimama katikati ya njia.

Boston, Marekani, alikuwako padre aitwaye Leonard Feeney aliyefundisha kama unavyofundisha: asiyekuwa Mkatoliki kwa jina na kwa kadi, motoni. Mwaka 1949, chini ya Papa Pio XII ambaye hakuna anayemwita mlegevu, Ofisi Takatifu ya Roma iliandika barua kumkataza. Ilisema msemo ule ni wa kweli, ila uelewe jinsi Kanisa linavyouelewa: asiyejua bila kosa lake, na moyo wake umeelekea kutimiza mapenzi ya Mungu, anaweza kuokoka, na wokovu huo unampitia Kristo na Kanisa lake hata kama yeye hajui. Feeney akagoma, mwaka 1953 akatengwa na Kanisa. Angalia kichekesho hicho: mtu aliyesema kwamba walio nje wote wanapotea, mwisho akatengwa yeye mwenyewe kwa kukataa kutii. Na hayo yote yalitokea kabla ya Mtaguso.

Pio XI alikataza mikutano, ni kweli. Lilikuwa katazo la namna ya kuenenda, na katazo la namna hiyo Papa mwingine anaweza kulilegeza, na walililegeza. Mafundisho juu ya ubatizo hakuyagusa.

Halafu njoo Namugongo, Uganda. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliua vijana, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wengi wao moto mmoja, siku moja. Wale 22 ndio tunaowaadhimisha tarehe 3 Juni na mahujaji wanapanda mabasi kutoka huku. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, alisema tusiwasahau wale wengine wa Kianglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Mwezi mmoja baadaye hati ya uekumene ikapitishwa. Mimi naamini, na haya ni maoni yangu si ya Roma, kwamba wale vijana wa Buganda waliwasaidia maaskofu kuelewa kuliko wanateolojia wengi wa Ujerumani. Papa Fransisko alipokwenda Namugongo Novemba 2015 alipita kwanza kwa Waanglikana, halafu akaenda kwetu.

Unataka kuniambia wale 23 wako wapi, kaka?

JembeLaTrento

Sijasema hivyo. Nimesema msifanye kama tofauti hazipo.

MtotoWaShangani

Hapo tuko pamoja. Rudi ukasome tena aya yangu ya mwisho kule juu.

Niliyeokoka_Fuoni

Bwana Yesu asifiwe. Mimi nilikuwa Mroma. Nilibatizwa mtoto, sikujua kitu, nikapata kipaimara nikiwa skuli, nikawa nakwenda kanisani kama anayekwenda sokoni. Nikaokoka, nikabatizwa kwa maji mengi, maisha yangu yakabadilika, pombe niliacha. Sasa mtoa mada unasema waliozaliwa huko hawana kosa. Na sisi tuliohama wenyewe kwa miguu yetu? Sema ukweli.

MtotoWaShangani

Amina, ndugu. Na pole, na hongera ya pombe, sikutanii. Umeuliza ukweli nami nitakupa.

Ile kauli ya Mtaguso niliyoitaja inawahusu waliozaliwa na kulelewa huko. Wewe uliyehama uko katika fungu jingine. Kwa mafundisho yetu, mtu anayejua kwamba Kanisa Katoliki limewekwa na Mungu kuwa la lazima, na akijua hivyo akakataa kuingia au kubaki ndani yake, yuko katika hatari ya roho yake. Hiyo ni hati ya Mtaguso huo huo, kuhusu Kanisa, namba 14. Tia mstari chini ya "akijua". Kwa jinsi unavyosimulia, hukuwahi kulijua, ulilipitia tu. Hapo lawama inarudi kwetu: kwa sisi makatekista tuliokukaririsha majibu, kwa mapadre, kwa jumuiya ambayo hakuna aliyekuja kugonga mlango wako ulipoacha kuonekana. Na namba hiyo hiyo 14 inaendelea kusema kwamba Mkatoliki aliyebaki ndani kwa mwili bila ya upendo, naye haokoki. Kwa hiyo huyo anayekusema vibaya baada ya misa asijione yuko salama.

Kuhusu maji mengi: kwetu sisi ubatizo ni kama jando, mtu hatahiriwi mara mbili. Ule wa utotoni ndio uliokufanya Mkristo. Ule wa pili, kwa macho ya Kanisa, ulilowa tu. Najua nyinyi mnaona kinyume, mnaona wa kwanza ndio uliolowesha kichanga. Tofauti hiyo ni ya kweli wala haimaliziki humu. Siku ukitaka kurudi, huanzi upya. Unakwenda kwenye kitubio, basi.

Niliyeokoka_Fuoni

Sirudi, lakini hakuna Mroma aliyewahi kuniambia "lawama inarudi kwetu". Ubarikiwe.

Mwana_Malindi

Asalaam aleikum. Mimi Muislamu, nimepita tu, naomba kuuliza bila ya nia mbaya. Sisi mitaani tunawaona nyinyi wote watu wa kanisani. Hatujui nani wa Minara Miwili, nani wa Mkunazini. Kumbe hamsalishani? Hapa Unguja masultani walikuwa Ibadhi, sisi raia wengi Shafii, na mtu akiingia msikitini wakati wa sala anajipanga safu. Nyinyi kinachowashinda nini?

MtotoWaShangani

Waaleikum salaam, karibu jirani. Swali zuri kuliko ya wengi waliobatizwa.

Kusali pamoja tunasali. Kila mwaka tarehe 18 hadi 25 Januari ni wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, na Mtaguso uliwahimiza Wakatoliki washiriki. Katika misiba ndiyo usiseme, pale tunaimba nyimbo za kila mtu. Kazi pia tunafanya pamoja: Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambamo wamo Waanglikana na Walutheri, tangu 1992 wana tume moja ya huduma za jamii inayosimamia hospitali na skuli zao nchi nzima.

Kinachotushinda ni komunyo. Kwetu ile si sala tu kama sala nyingine. Tunaamini ni mwili wa Kristo mwenyewe, na anayepokea anatangaza kwamba yuko katika imani moja na padre yule, askofu yule na Papa. Asiyekuwa Mkatoliki, kwa kawaida, hapewi. Mworthodoksi akiomba mwenyewe na yuko tayari, sheria inaruhusu. Mprotestanti anaweza kupewa akiwa katika hatari ya kufa, au kwenye haja nzito aliyoikubali askofu, ikiwa hawezi kumfikia mchungaji wake, ameomba mwenyewe, na anaamini juu ya Ekaristi kama sisi tunavyoamini. Hayo yote kwa pamoja. Kwa hiyo ukimwona jirani yako Mlutheri amekaa kitini watu wakipanga mstari, hajafukuzwa. Anangoja, na sisi tunangoja.

Mwana_Malindi

Nimekufahamu. Mungu awaongoze. Na mkipata pilau ya harusi ya huyo binti msitusahau Malindi.

BintiWete

Kaka MtotoWaShangani, nimesubiri uzi utulie. Mimi niko Pemba, Mkatoliki. Mchumba wangu kwao ni Marafiki, hao wanaoitwa Wakwekeri, ukoo wao unatokea Banani. Ni mtu mwema, haibi, hasemi uongo, hata kuapa hataki. Nilidhani kwa kuwa ni Mkristo atahesabika kama wa Mkunazini. Katekista wetu akaniambia kesi yangu ni kama ya kuolewa na Muislamu. Nimelia. Ni kweli?

MtotoWaShangani

Dada, kwa upande wa sheria, katekista wako yuko sawa, ila angekueleza vizuri.

Kwa wasiojua: Marafiki walifika Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria, wakaweka kituo Banani karibu na Chake Chake kwa ajili ya walioachwa huru. Katika kuwatetea watumwa, Wakwekeri hawana wa kuwafundisha. Lakini wao hawabatizi kwa maji. Si kwamba wanabatiza vibaya, hawabatizi kabisa, wanaamini ubatizo ni wa rohoni tu. Jeshi la Wokovu nao ni hivyo hivyo.

Sasa ona jinsi kipimo kinavyokata. Mtu mwema mwenye kumpenda Yesu, bila maji, kwa sheria ya ndoa yuko fungu moja na asiyebatizwa. Mlevi wa mtaani kwetu aliyebatizwa akiwa na wiki mbili na hajarudi tena kanisani, yuko fungu la Wakristo. Inauma, na hata mimi hunikera nikilieleza darasani. Lakini sheria ya ndoa haimpimi mtu utakatifu. Inauliza tu kama sakramenti ya kwanza ipo, kwa sababu ndoa ya wabatizwa wawili ni sakramenti, na asiyebatizwa hawezi kupokea sakramenti nyingine yoyote.

Kwa vitendo: yule binti wa Shangani anayeolewa na Mwanglikana anahitaji ruhusa ya askofu, na ndoa yake itakuwa sakramenti. Wewe unahitaji kuondolewa kizuizi, pia kwa askofu, na ndoa itakuwa halali ingawa si sakramenti mpaka mwenzio abatizwe, kama atataka. Wewe na binti huyo, kila mmoja kwa upande wake, mtatoa ahadi ile ile: kulinda imani yako, na kufanya yote unayoweza ili watoto wabatizwe na kulelewa Wakatoliki. Mume haweki ahadi. Anajulishwa tu ahadi yako, aelewe umefungwa na nini. Zamani wote wawili waliapishwa, siku hizi hapana. Na asilazimishwe kubatizwa ili harusi iende haraka. Ubatizo wa kulazimisha harusi nimeuona, matunda yake ni machungu.

Kibaraza_Online

Niongeze swali hapo hapo. Kaka yangu anataka kumuoa dada Mlutheri aliyeachana na mumewe. Walifunga KKKT, wote Walutheri. Sisi nyumbani tunasema ile si ndoa ya Katoliki, kwa hiyo yuko huru. Sawa?

MtotoWaShangani

La, na hapa ndipo wengi huanguka. Walutheri wawili waliobatizwa wakifunga ndoa kanisani kwao, sisi tunaitambua, tena kuwa ni sakramenti. Yule dada kwa macho yetu bado ni mke wa mtu mpaka mahakama ya Kanisa ichunguze na kutamka kwamba ndoa ile haikuwa ndoa tangu mwanzo. Mnataka kuwadharau Walutheri ili mpate mke, lakini Kanisa lenu linawaheshimu kuliko mnavyotaka. Muone paroko kabla hamjalipa mahari.

JembeLaTrento

😂😂 Hapo umeniua. Haya, jingine: Mashahidi wa Yehova, Wamormoni, na wale wa "Jina la Yesu" tu?

MtotoWaShangani

Mashahidi wa Yehova hawaamini Utatu, ubatizo wao hatuutambui. Wamormoni wanatamka maneno ya Utatu, lakini wanachokiamini juu ya Baba, Mwana na Roho ni kitu kingine kabisa, na Roma mwaka 2001 ilijibu kwamba ubatizo wao si halali. Wanaobatiza kwa jina la Yesu peke yake, maneno yenyewe yanakosekana. Hao wote wakija wanabatizwa.

Kwa walokole wa makanisa madogo madogo ya vichochoroni, paroko lazima aulize. Nimekaa naye ofisini akiuliza: ulizamishwa au ulinyunyiziwa? Wapi? Mchungaji alisema maneno gani, yataje. Nani mwingine alikuwapo? Mama mmoja alikumbuka rangi ya kanga aliyovaa na jinsi mawimbi yalivyompiga, maneno hayakumbuki. Ikibaki shaka ya kweli baada ya kuuliza, anabatizwa kwa sharti: "kama hujabatizwa, mimi nakubatiza..." Pasipo shaka, hapana, hata mtu akiomba kwa machozi.

Kijana_Mpendae

Mimi nataka kuingia Katoliki, nimetoka Moravian bara, Mbeya. Cheti cha ubatizo kimepotea nyumba ilipoungua, na mchungaji aliyenibatiza ameshafariki. Ndiyo nimekwama?

MtotoWaShangani

Hujakwama. Kwanza piga simu ushirika uliobatizwa, Wamoraviani wanatunza vitabu vizuri, na jina lako huenda limo hata kama karatasi yako iliungua. Likikosekana, sheria inasema shahidi mmoja wa kuaminika anatosha: mama, mjomba, msimamizi wako wa ubatizo, yeyote aliyekuwapo. Kama ulibatizwa ukiwa mkubwa, kiapo chako mwenyewe kinatosha. Andika jina la ushirika, mwaka unaoukumbuka na jina la shahidi, upeleke ofisi ya parokia. Mafundisho ya wakubwa kwetu tunaanza baada ya misa ya pili, njoo na daftari.